Vitundu Vitatu Ubavuni mwa Ndesanjo

Kwenye usharika wetu, juu kidogo ya Makumira, anayechelewa ibada hujua wimbo umefika wapi kwa kusikiliza besi. Matarumbeta mengine sauti zake humezwa na migomba, lakini besi huteremka bondeni nzima kama ilivyotoka. Kwa miaka mingi aliyeipuliza alikuwa shemeji yangu Ndesanjo, mdogo wa marehemu mume wangu Abdiel. Hakuwa mwanamuziki wa kusifiwa. Alipewa besi ujanani kwa sababu alikuwa na kifua kipana, na hakuna kijana mwingine aliyetaka kulibeba lile dude mpaka makaburini. Alilibeba. Lilipotoboka aliliziba mwenyewe kwa lehemu. Koti lake la bendi limepauka bega la kushoto, pale chuma kinapokaa.

Siku za kazi alikuwa mtu wa koki. Maji yetu yanatoka mlimani kwa bomba moja, na kila kitongoji kina zamu yake. Ndesanjo ndiye aliyepanda na kushuka akifungua huku na kufunga kule, spana mfukoni, gambuti miguuni. Masika watu humsahau mtu wa koki. Kiangazi kila mmoja anamjua kwa jina, na kila mmoja ana neno la kumwambia. Alivumilia. Akirudi nyumbani alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akamwambia mkewe Paskalina, "Leo nimetukanwa mpaka marehemu mama," halafu akaomba chai.

Nayaandika haya kwa kuwa yalisemwa mengi juu yake, na mengine yalisemwa na watu waliokula mezani kwetu. Abdiel alikuwa mzee wa kanisa. Pale kijijini mtu akitaka neno lake liaminike alikuwa akisema limetoka nyumba ya Abdiel. Tangu afariki, mimi niliyefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu ndiye niliyebaki kuitunza nyumba hiyo isemwe vizuri. Ni kazi isiyo na likizo.

Ilikuwa mwisho wa Septemba, vumbi limekaa juu ya majani ya kahawa, mfereji umebaki tope. Ijumaa jioni Ndesanjo alikuwa anafunga koki ya chini ili maji yaende zahanati. Lerionka akamfuata. Kijana huyu ni jirani yetu. Baba yake alihamia kutoka Olmotonyi zamani, akanunua kihamba, shamba la migomba, chini ya chetu, akafia pale. Lerionka anachuna mbuzi kwenye bucha moja huko Usa River, na mama yake, Nasieku, anafuga ng'ombe wachache wa maziwa.

"Mzee, fungua. Ng'ombe wa mama hawajanywa."

"Zamu yenu kesho asubuhi."

"Mpaka kesho wanywe nini? Mate yako?"

"Wanywe mate ya aliyewafuga bila kuchimba kisima. Leo ni ya zahanati, Lerionka. Kuna wazazi kule."

Wakavutana spana. Ndesanjo akahisi pigo ubavuni, kushoto, chini ya kwapa. Lerionka akaondoka kwa haraka bila maji. Shemeji yangu akamaliza kufunga koki, akapanda nyumbani, akamwambia mkewe, "Yule kijana ana ngumi nzito."

Paskalina aliona doa la damu kwenye shati, dogo kama la mbu aliyepigwa. Chini yake palikuwa na mchano usiozidi punje ya mahindi. Akauosha kwa maji ya chumvi, akabandika plasta. Hakuna aliyefikiria kisu. Kwetu kisu tunakijua kwa damu yake. Wanaume wetu wote wamechinja. Jeraha lisilomwaga damu nje tulilihesabu kuwa si jeraha. Damu yote ilikuwa inamwagikia ndani, na sisi tunakunywa chai.

Kesho yake kulikuwa na mazishi ya mzee mmoja wa usharika. Paskalina alimwambia apumzike, ngumi ile imemwacha akihema. Akajibu kwamba mazishi bila besi ni kama watu wamekuja kuokota kuni. Akalibeba dude lake begani.

Ubeti wa kwanza aliumaliza. Ubeti wa pili, katikati ya mstari, besi ikakatika. Nilikuwa nimesimama upande wa akina mama, na niliusikia wimbo ukibaki unaning'inia, sauti nyembamba tupu, watu wakitazamana. Nikageuka. Ndesanjo alikuwa ameketi juu ya udongo wa kaburi, tarumbeta limemlalia mapajani, midomo imekuwa rangi ya majivu.

"Shemeji," akaniambia nilipomfikia, "pumzi inaishia hapa." Akagusa chini ya shingo.

Tulimpeleka mjini kwa gari la mchungaji. Polisi tulipita tukapewa karatasi ya matibabu, na hospitali wakampiga picha. Nusu ya kifua chake ilikuwa imejaa damu. Daktari wa zamu akasema ule mchano mdogo ni wa kisu, akamwingizia mrija ubavuni, damu ikatiririka kwenye chupa chini ya kitanda, na ile rangi ya majivu ikaondoka midomoni. Tukadhani yameisha. Tuliamini hivyo siku zote alizolala pale, tukipeana zamu mimi na Paskalina, mmoja anapanda na chupa ya uji, mwingine anashuka na nguo za kufua. Magoti yangu hayapendi ngazi, na hospitali ile imejengwa kwa ngazi.

Kisha akaja Daktari Twahira. Ni binti wa Daraja Mbili, mfupi, mtandio wake umebanwa vizuri, mwenye macho ya mtu aliyeamka kabla ya wenzake. Alikuwa amesomea upasuaji wa kifua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Niambie naenda nyumbani."

"Bado. Damu nyepesi imetoka yote kwa mrija. Iliyobaki imeganda, haipiti. Imelikalia pafu. Tukiiacha itageuka gamba gumu, na pafu halitakunjuka tena."

"Nitapuliza?"

"Utapuliza nini?"

"Tarumbeta, daktari," Paskalina akajibu badala yake. "Mwenzio ana swali hilo tu. Watoto wake hajawaulizia."

Daktari akacheka kidogo, akavuta kiti. Akaeleza kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukichana kifua ubavuni na kutanua mbavu ili mkono uingie. Inafanya kazi, lakini mtu huugulia mbavu hizo muda mrefu kuliko ugonjwa wenyewe. Ya pili ni vitundu vitatu. Kimoja kinaingiza kamera nyembamba kama kalamu, viwili vinaingiza vyombo. Pafu la upande ule linalazwa lipumzike, mgonjwa anapumua kwa jingine, na daktari anafanya kazi huku akitazama kioo.

Ndesanjo alitaka kucheka, ubavu ukamkataza. "Vitundu vitatu! Binti yangu, mimi ni mtu wa mabomba. Uchafu ulioganda hautoki kwa kuchungulia."

"Bomba likiziba ndani ya ukuta wa kanisa, unabomoa kanisa?"

"Nibomoe nifukuzwe? Napitisha waya kwenye kiungo."

"Basi na mimi ndivyo."

"Lakini mimi sioni ninachokwangua. Nasikilizia tu."

"Mimi nitakiona. Kamera ni ya kazi hiyo." Kisha akaacha mzaha. "Nikiingia nikakuta hali ni mbaya kuliko picha inavyosema, nitafungua. Nakwambia sasa ili usije kusema nilikudanganya."

"Ukilazimika, fungua. Lakini anza na waya."

Tulikaa kwenye benchi la nje mimi na Paskalina, tumeegemeana mabega kama magunia. Hatukusali kwa sauti. Hatukuwa na nguvu hiyo. Nilihesabu vigae vya ukuta, nikapotea, nikaanza upya. Daktari Twahira alipotoka, barakoa imemwachia mistari mashavuni, alisema neno moja kwanza: "Vitatu." Paskalina akalia hapo hapo.

Ndesanjo alipopata nguvu aliomba aonyeshwe kilichotoka. Alisema hata yeye akizibua bomba, mwenye nyumba hutaka kuona uchafu. Daktari akamwonyesha kwenye kioo kipande cha picha ya video ya kamera, na kwa ridhaa yake akanitumia kwenye simu, kwa kuwa simu ya shemeji ni ya vitufe. Sikuifungua. Niliona ndani ya mtu ni pake mwenyewe, na mimi ni mke wa kaka yake. Nikaiacha ikae humo.

Alirudi nyumbani mapema kuliko tulivyotarajia, na hapo ndipo uchovu wa kweli ulipoanza.

Watu walikuja kumpa pole, na sukari, na ndizi, na kuku waliofungwa miguu. Walikunywa chai. Halafu macho yakaanza kutafuta. Mtu aliyepasuliwa kifua wanamjua: amefungwa bandeji kama mtoto mchanga, hawezi kunyanyua kikombe. Huyu alikuwa amekaa, amevaa shati, anamega ndizi.

"Hebu tuone, baba."

Akafungua vifungo. Plasta ndogo ndogo.

"Ndiyo hizo tu? Mbona kama chanjo?"

"Mimi nilidhani umeshonwa kama gunia la kahawa!"

Wakacheka, naye akacheka nao akiwa ameshika ubavu. Nao walipofika njiani hawakucheka tena, wakaanza kuuliza. Paskalina alirudi kutoka kwenye kituo cha maziwa siku moja, akatua ndoo bila kunisalimu.

"Dada, wanasema hakupasuliwa. Wanasema tulimficha mjini apate kunona ili tudai ng'ombe wa Nasieku."

"Nani anasema?"

"Wote. Wanasema nyumba ya Abdiel siku hizi imejifunza biashara."

Niliketi. Nilikuwa nimesikia mengi katika ujane wangu, lakini hilo lilinikalia kifuani.

Lazima nieleze jambo la pale kwetu. Polisi walikuwa tayari kuendelea na faili, lakini Ndesanjo hakutaka kijana wa jirani afungwe, akaomba wazee wakae. Na wazee wetu wa vitongoji vile, wanapoketi kwa ajili ya damu iliyomwagwa, hutazama jeraha kwa macho yao. Mshili, yaani kiongozi wa ukoo, huweka vidole juu ya kovu na kulipima, na kwa vidole hivyo huamua kama ni kondoo, au ndama, au mtamba. Mpaka damu itulizwe kwa kondoo wa kuliwa pamoja, nyumba mbili hazipeani hata moto. Nasieku na Paskalina walikuwa wakisukasuka maziwa kwenye kibuyu kimoja. Sasa walikuwa wakipishana njiani kila mmoja anatazama migomba.

Upande wa pili, Lerionka alikuwa ameshasema neno lake: hakuwa na kisu. Alimsukuma mzee, mzee akaangukia chuma cha koki.

Asubuhi ya kikao nilimkuta Ndesanjo anafunga vifungo vya shati la Jumapili. Alikuwa amekonda shingo.

"Shemeji," akasema, "mimi sitaki ndama. Nitamlishia nini kiangazi hiki? Nataka yule kijana aseme alinichoma. Akiondoka pale hajasema, mimi ni mwongo, na wewe mwongo, na kaka aliyeko kaburini."

Tulikaa kwenye baraza ya ofisi ya kijiji, kwenye viti vya plastiki. Mshili wetu, mzee Ebenezer, alikaa katikati. Kando yake alikaa Saning'o, mjomba wa Lerionka, aliyeshuka kutoka Olmotonyi na fimbo yake nyeusi, mtu mwenye maneno. Nasieku alikaa peke yake mwisho wa baraza, amejifunika shuka la buluu. Vijana walikuwa wengi kuliko ilivyostahili, wameegemea pikipiki, simu mkononi.

Lerionka alisema alivyosema. Ndesanjo alisema alivyosema. Mzee Ebenezer akavuta pumzi.

"Vua shati, Ndesanjo."

Akavua. Mtu wa miaka yake, kifua wazi mbele ya watoto aliowafundisha kushika tarumbeta. Mzee Ebenezer akainama, akaweka vidole.

"Hapa kidole kimoja. Hapa kimoja. Hiki nacho ni kimoja, hakijai vizuri."

"Na la kisu ni lipi?" Saning'o akauliza.

"Ni hili pembeni," shemeji akaonyesha. "Dogo kuliko yote."

"Kumbe daktari ndiye aliyekuumiza zaidi!" Saning'o akapiga fimbo chini. "Wazee, mtamba adaiwe daktari! Kijana wetu atatoa jogoo."

Baraza ikacheka. Hata mzee Ebenezer alificha mdomo. Lerionka hakucheka, alikuwa anatazama gambuti zake za bucha.

Kutoka kwenye pikipiki mmoja akasema, "Mama Mwalimu si ndiye alituambia amepasuliwa kifua?"

"Niliwaambia alifanyiwa upasuaji wa kifua," nikajibu. "Na alifanyiwa."

"Kwa sindano, mama?"

Wakacheka tena. Paskalina akanisogelea, midomo karibu na sikio langu. "Dada, simu. Itoe uwaonyeshe. Itoe tumalize."

Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkoba. Ningeitoa, ningeinua juu, na kicheko kingekwisha hapo. Lakini niliwatazama wale vijana na simu zao. Kufika mchana kifua cha Ndesanjo kingekuwa kimeonwa Tengeru na Usa River, kingekuwa kinatumwa na vikaragosi vya kucheka, pafu lake likipita mikononi mwa watu wanaokula chipsi. Nikamtazama yeye. Alikuwa amelishika shati lake mbele ya tumbo. Alijua ninachofikiri. Akatikisa kichwa.

Kisha akainamia upande wangu, akasema taratibu, "Mama yake. Yeye tu."

Nikainuka. Nikamwambia mzee Ebenezer kwamba naomba nafasi nizungumze na Mama Lerionka. Akauliza ni ya nini. Nikasema ni ya wanawake. Saning'o akaguna, lakini Nasieku alikuwa ameshasimama.

Nyuma ya ofisi kuna chumba ambamo akina mama hupika chai ya wageni. Nikafunga mlango. Tulikuwa hatujasemezana tangu Septemba.

"Shikamoo, koko," nikasema, yaani bibi kwa lugha yao, maana ananizidi umri.

"Marahaba, Mwalimu. Umeniita kunisema?"

"Hapana. Nakuonyesha kitu. Ndesanjo amesema uone wewe tu."

"Macho yangu mabovu."

"Tutasogeza karibu."

Tukakaa kwenye benchi moja. Nikafungua ile picha, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza. Sikutegemea rangi ingekuwa nzuri vile, waridi na nyeupe, mbavu zimepangwa kwa ndani kama pau za paa la banda. Halafu kamera ikageuka, tukaona lile donge. Jeusi, zito, limejaa.

"Ini?" Nasieku akauliza.

"Damu. Imeganda."

Akasogeza uso karibu na kioo. Amekuwa akitazama vifua vya mbuzi maisha yake yote, hakuhitaji nimfundishe. Chombo chembamba kikaingia, kikamega, kikavuta, maji yakaosha. Kikamega tena. Ilichukua muda. Chini ya donge palikuwa na kitu kilichosinyaa, cha kijivu, kama kitambaa kilicholoa.

"Hilo ndilo pafu?"

"Ndilo. Wamelilaza."

Kamera ikapanda ukutani mwa kifua, ikasimama mahali pamoja. Kati ya mbavu mbili palikuwa na mchano ulionyooka, mwembamba, kingo zake safi. Nasieku akaweka kidole juu ya kioo, picha ikasimama. Akakiacha kidole pale.

"Chuma cha koki ni kinene," akasema.

Nikamsogezea simu, naye akaendelea:

"Kisu chembamba anacho. Kimekwisha kwa kunolewa. Ijumaa ile alikiosha mwenyewe. Huwa nakiosha mimi."

Akaondoa kidole, picha ikaendelea. Mwishoni daktari alikuwa amewaambia wenzake waliamshe pafu, na likaanza kuinuka. Lilijaa pembe hii, likajaa pembe ile, kijivu kikawa waridi, mpaka likafunika kioo chote.

"Hiyo ni pumzi yake," Nasieku akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

"Na ile tarumbeta siku ya mazishi, ikanyamaza. Mimi nilisikia nikiwa zizini. Nikasema leo bendi imechoka." Akajifunika shuka vizuri. "Mimi pia nimechoka, Mwalimu."

"Tumechoka wote, koko."

Akatoka mbele yangu. Alitembea moja kwa moja mpaka kwa mwanawe, akasema naye Kimaasai, maneno machache, bila kupaza sauti. Mimi Kimaasai sikijui. Niliona tu Lerionka akivua kofia, na Saning'o akishusha fimbo taratibu mpaka ikalala mapajani.

"Nilikuwa na kisu," Lerionka akasema. "Nilikuwa natoka kazini. Kilikuwa mkononi, wazee, sikukitafuta. Tulivyovutana..."

"Ulimchoma?" mzee Ebenezer akauliza.

"Nilimchoma."

Hakuna aliyecheka. Ndesanjo akavaa shati lake, akakosea vifungo, Paskalina akamfungia upya mbele ya watu wote kama anamvalisha mtoto.

"Basi yeyo, mama mwenyewe, ameamua," Saning'o akasema. "Tuongee sasa. Mtamba?"

"Kondoo wa kula pamoja," Ndesanjo akajibu. "Na aje anisaidie kupanda kwenye koki ya juu mpaka ubavu upone."

"Hilo tu?"

"Mzee, sina majani ya kumlisha mtamba."

Wazee hawakukubali, walisema damu haiwezi kwenda bure, wengine wataiga. Wakatoza kondoo na ndama jike. Ndama akaja, mbavu nje, na Paskalina ndiye anayemkatia majani mpaka leo akilalamika. Kondoo tulimla. Nasieku alileta kibuyu cha maziwa siku ile ile, akakitua jikoni kwa Paskalina, wakaanza kuulizana habari za mafua ya wajukuu kana kwamba waliachana jana.

Lerionka alipanda na Ndesanjo kwenye koki muda wote ule, spana mkononi, akitukanwa na vitongoji vyote. "Mzee, hii kazi unaifanyaje?" alimwuliza. Shemeji akamwambia, "Kwa kunyamaza. Jaribu."

Maneno hayakwisha. Wapo waliosema nilimtisha mama wa watu chumbani, wapo waliosema nilimhonga. Mzee Ebenezer alinisimamisha Jumapili moja nje ya kanisa.

"Mwalimu, mlionyeshana nini mle ndani?"

"Tulizungumza, mzee."

"Mimi ni mshili wa ukoo wako."

"Najua. Na mimi ni mke wa Abdiel. Umewahi kusikia nikieleza ya chumbani?"

Akacheka, akaniachia.

Besi imerudi makaburini, kwa namna yake. Daktari Twahira alimwambia aanze na kinywa cha tarumbeta peke yake, kidogo kidogo, na aliporudi kliniki alimsikiliza mgongo akasema pafu limekaa mahali pake. Pumzi ndefu itakuja, asiikimbilie. Bendi imempa msaidizi. Ndesanjo anapuliza ubeti wa kwanza na wa tatu, mwenzake anapuliza ile mingine. Anayechelewa ibada atagundua tofauti: ubeti wa pili una haraka.

Wiki iliyopita mgeni kutoka Moshi, ndugu wa mbali, alikuja kututembelea. Alikuwa amesikia habari. Alimaliza chai, akaweka kikombe, akasema, "Hebu tuone hivyo vitundu, baba mdogo." Ndesanjo akaanza kufungua kifungo cha kwanza, akaacha. Akamwambia vimeshapona, hakuna cha kuona. Mgeni akatutazama mmoja mmoja, na nikaona lile swali likipita machoni pake, lile lile la kituo cha maziwa.

Alipoondoka, shemeji alibaki kwenye kigoda chake.

"Ile picha bado ipo kwenye simu?"

"Ipo."

"Ifute."

"Na huyu akienda kusema Moshi nzima kwamba tulidanganya?"

Ndesanjo alifunga kile kifungo chake, akakipapasa kama anahakikisha kimekaa.

"Aseme," akajibu. "Nimechoka kuvua shati, shemeji."

Nikaitoa simu mkobani, nikaifuta ile picha mbele yake. Paskalina akaweka maji ya chai.